Fundi Sanifu wa Brooklyn: Mapitio ya Riwaya "China Mountain Zhang"

Katika sura ya kwanza ya riwaya hii, fundi sanifu kijana wa ujenzi, Zhang, anaalikwa na msimamizi wake, Bwana Qian, akale chakula cha jioni nyumbani kwake, na mara tu anapomwona binti wa mwenyeji anatambua kwamba hakuitiwa chakula. Ameitwa ili achumbiwe. Binti huyo, San-xiang, ana kasoro ya mifupa ya uso, na baba yake hataji mahari wala hasemi neno la moja kwa moja. Anachotia mezani ni kujuana kwake na watu wa vyuo vikuu vya Uchina, kwa maana kwamba kijana akikubali kuwa mkwe, mlango wa kwenda kusoma huko utafunguka. Kijana hawezi kukubali, kwa kuwa yeye huwapenda wanaume wenzake na jambo hilo likijulikana litamwangamiza. Wala hawezi kukataa waziwazi, kwa kuwa mtu anayemwudhi mkubwa wake wa kazi, katika nchi ambayo kila kazi hutolewa na ofisi, amejiudhi mwenyewe. Utawala mzima wa karne ya 22 umekwisha kuelezwa hapo, mwandishi hajamtaja hata kiongozi mmoja wa serikali.

Riwaya yenyewe inaitwa China Mountain Zhang. Imeandikwa na Maureen F. McHugh, Mmarekani wa jimbo la Ohio, na ilichapishwa na kampuni ya Tor mwaka 1992 ikiwa riwaya yake ya kwanza. Ilipata tuzo ya James Tiptree Jr., ilipata tuzo ya jarida la Locus ya riwaya ya kwanza iliyo bora, na iliingia katika orodha ya walioshindania tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi. Nataja tuzo hizo mapema ili niachane nazo, maana hazielezi kwa nini kitabu chenye umri wa zaidi ya miaka 30, kinachotabiri mambo ambayo mengine yametokea na mengine yamekwenda kombo kabisa, bado kinastahili fedha na siku tatu nne za msomaji wa Kiswahili.

Dunia inayochorwa ni hii: uchumi wa Marekani ulianguka, mapinduzi yakafuata, na nchi hiyo sasa ni ya kisoshalisti, ikiiga mfano wa Uchina na kuitegemea. Uchina ndiko kwenye vyuo bora, teknolojia bora, fedha na heshima. Nyuma kidogo katika historia yao kulikuwa na kampeni ya kutakasa jamii, iliyopewa jina la upepo, ambayo iliwapukutisha watu wengi. Msomaji anayejua habari za Mapinduzi ya Utamaduni ya Uchina, yaliyodumu kuanzia 1966 hadi 1976, ataitambua sura yake hata ikiwa imevalishwa nguo za Kimarekani. Kampeni hiyo imekwisha wakati hadithi inapoanza. Kilichobaki ni kile kinachobaki baada ya kila kampeni: mafaili, woga wa kusema, na watu wazima ambao hawapendi kuulizwa walikuwa wapi mwaka fulani.

Jambo ambalo McHugh amelifanya, na ambalo waandishi wengi wa riwaya za aina hii wameshindwa kulifanya, ni kukataa kuandika ama pepo ama jehanamu. Hakuna mhusika anayepanga kuipindua serikali. Hakuna kiongozi anayetazama kutoka kwenye kila ukuta. Ukomunisti humu ni jambo la kawaida kama ilivyo kawaida kwa mtu kukaa kwenye benchi la ofisi akisubiri mhuri: kuna kazi zinazopangwa, kuna nyumba zinazogawiwa, kuna mikutano ambayo kila mtu anajua namna ya kuikalia bila kuisikiliza, na chini ya yote hayo kuna mfumo wa pili usioandikwa popote, ambao Wachina huuita guanxi na sisi tunaujua kwa majina ya kujuana, mkono mrefu na kimemo. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kuhitaji barua ya balozi wa nyumba kumi, au ambaye wazazi wake walipanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, hatahitaji maelezo ya ziada. Nadhani anaweza hata kuisoma riwaya hii vizuri kuliko Mmarekani aliyeandikiwa, kwa sababu Mmarekani anaisoma kama kitu cha kubuni.

Chanzo cha uhalisia huo si siri. McHugh aliishi mwaka mzima Shijiazhuang, katika jimbo la Hebei, akifundisha, na hapana shaka kwamba Uchina ya riwaya yake ni ile ya miaka ya 1980, nchi ya vitengo vya kazi vilivyoamua mtu alale wapi na asafiri lini, ikiwa imesogezwa mbele kwa zaidi ya karne moja na kuongezewa mashine. Huo ni udhaifu kwa anayetafuta utabiri. Kwa anayetafuta watu, ni neema, kwa kuwa kila ofisi iliyomo ndani ya kitabu ina harufu ya mahali ambapo mwandishi aliwahi kukaa na kusubiri.

Jina la mhusika mkuu linahitaji kuelezwa, kwa sababu ndani yake mmefichwa mzaha ambao msomaji asiyejua Kichina ataupita bila kuuona. Anaitwa Zhang Zhong Shan. Zhang ni jina la ukoo. Zhong Shan ni jina ambalo Wachina humwita Sun Yat-sen, baba wa jamhuri yao, aliyefariki mwaka 1925. Barabara zenye jina hilo zimetapakaa katika miji ya Uchina, na ile suti ya mifuko minne ambayo Wazungu huiita suti ya Mao, na ambayo wazee wetu wakiona kola yake humkumbuka Mwalimu Nyerere, Wachina wenyewe huiita suti ya Zhongshan. Neno kwa neno, zhong ni katikati, neno lile lile lililomo katika jina la nchi ya Uchina, na shan ni mlima. Ndipo kilipotoka kichwa cha riwaya. Zhang mwenyewe anasema kwamba kuitwa hivyo ni kama kuitwa George Washington Jones. Kwetu ingekuwa kama mtoto wa Mgiriki mwenye shamba la tumbaku Iringa kupewa jina la Kambarage: jina kubwa mno kwa aliyepewa, na linalosema zaidi juu ya hofu ya wazazi kuliko juu ya mtoto.

Wazazi hao hawakuishia kwenye jina. Baba ni Mchina na mama ni Mmarekani wa asili ya Kilatino, na kabla mtoto hajazaliwa walilipia marekebisho ya vinasaba ili atoke na sura ya Mchina kamili. Mama humwita Rafael. Kwa hiyo Zhang anatembea mitaani Brooklyn na uso ulionunuliwa, katika nchi ambayo daraja la juu ni raia wa Uchina, chini yake ni Wachina wa ughaibuni, chini yao ni Wachina waliozaliwa Marekani, na baada yao wengine wote. Neno letu chotara halimtoshi, kwa kuwa chotara huonekana. Huyu hofu yake yote ni kwamba haonekani, na siku yoyote anaweza kuonekana. Bwana Qian anapogundua kwamba mkwe mtarajiwa si Mchina mtupu, ofa inayeyuka, na kazi nayo inakwenda na maji.

Baada ya hapo hadithi inampeleka Baffin Island, kaskazini kabisa mwa Kanada, kufanya kazi miezi sita katika kituo cha utafiti wakati wa majira ya baridi, mahali ambapo jua halichomozi. Hapa nitasema wazi kwamba sura hii ndiyo iliyonifanya nimheshimu mwandishi. Hakuna linalotokea, kwa maana ya matukio ya riwaya za kisayansi: hakuna mlipuko, hakuna kiumbe cha ajabu kinachotoka kwenye barafu. Kuna mtu ambaye kidogo kidogo anaacha kuoga, anaacha kuzungumza, anashindwa kuhesabu siku, na sisi tunaoisoma tunaona kabla yake kwamba anaugua akili. Sentensi za McHugh ni fupi, ziko katika wakati uliopo na nafsi ya kwanza, na katika giza hilo zinakuwa fupi zaidi, mpaka ukisoma usiku unajikuta umewasha taa nyingine.

Kisha inakuja Nanjing, chuo kikuu alichokuwa akikiota. Anayemjua kijana aliyepata ufadhili wa kwenda kusoma Uchina, na siku hizi karibu kila mtaa wa Dar es Salaam au Nairobi una mmoja, atatambua mengi: mshangao wa kuona mji ambao kila kitu kinafanya kazi, aibu ya lugha uliyodhani unaijua, na ule upweke wa mtu ambaye nyumbani anahesabiwa mwenye bahati. Zhang ana shida yake ya pekee, kwamba uso wake unaahidi kitu ambacho ulimi wake hauwezi kukitimiza. Mgeni mwenye sura ya mgeni husamehewa makosa ya matamshi, hata husifiwa kwa maneno mawili ya salamu, kama wanavyojua wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou kufuata mzigo. Mgeni mwenye sura ya mwenyeji hasamehewi. Kila anapofungua kinywa, anashushwa daraja.

Huko ndiko anakokutana na Haitao, mkufunzi anayemsaidia masomo, na mapenzi yao ndiyo yanayobeba uzito wa nusu ya pili ya kitabu. Katika Uchina ya riwaya, adhabu ya mapenzi hayo inaweza kuwa risasi ya kisogoni. Kihistoria ni vema kukumbuka kwamba wakati McHugh anaandika, wapenzi wa jinsia moja nchini Uchina waliweza kukamatwa kwa kosa la jumla la uhuni, kosa ambalo liliondolewa katika sheria ya jinai mwaka 1997. Yeye alichukua hali aliyoijua na kuikaza kamba. Najua wapo wasomaji wetu watakaokifunga kitabu wakifika hapa. Sitabishana nao, ila nitaeleza kilichoandikwa: hakuna hotuba, hakuna maelezo ya faragha ya kumkera mtu, kuna watu wawili wanaoishi kwa kusikiliza hatua za miguu kwenye korido. Haitao anajiua. Mwandishi anaieleza habari hiyo kwa ufupi unaoumiza, na Zhang, ambaye hawezi kuomboleza hadharani kwa sababu kuomboleza kwenyewe ni kukiri, anaendelea na masomo.

Nimekwisha kumtaja Zhang mno, ilhali kitabu si chake peke yake. Sura zake zinapishana na za wasimulizi wengine wanne. Angel anarusha tiara mjini New York, ila si tiara za watoto; ni mbawa zinazomchukua mtu mzima, na watazamaji huunganishwa na mishipa yake ya fahamu ili wahisi anavyohisi anaporuka. Martine, aliyewahi kuwa mwanajeshi, anafuga mbuzi na nyuki katika makazi ya kijamaa kwenye sayari ya Mirihi. Alexi ni mjane aliyepelekwa huko na binti yake mdogo, Theresa, kutoka katika maeneo ya Marekani yaliyokauka. San-xiang tunarudi kwake baada ya uso wake kutengenezwa. Watu hawa hawajuani, au wanagusana kwa mbali tu, na hakuna mwisho mkubwa unaowakutanisha. Anayependa hadithi ambayo nyuzi zote hufungwa fundo moja atalalamika. Mimi nimeona kwamba fundo lingekuwa uongo, kwa sababu dai zima la kitabu ni kwamba mfumo mkubwa huwagusa watu wengi pasipo wao kugusana.

Sura ya Martine ingesimama yenyewe kama hadithi fupi. Makazi yao huongozwa kwa vikao, na kila mkazi anadaiwa saa za kazi za pamoja. Aliyesoma habari za vijiji vya ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967 atatabasamu, kwa kuwa hata Mirihi kuna wanaofika kazini kwa kuchelewa na wanaohesabu saa za wenzao. Alexi anaogopa kuhamishiwa kwingine, na mtoto wake amekwisha kuhamishwa vya kutosha. Martine anafikiri, anawatazama mbuzi wake, anafikiri tena, na hatimaye wanaoana, kwa sababu mume wa mkazi hahamishwi hovyo. Mapenzi, kama ni mapenzi, yanakuja polepole nyuma ya makaratasi. Sijasoma kwingineko ndoa ya fomu iliyoandikwa kwa huruma namna hii, na bila kumcheka yeyote.

Alexi baadaye anajiandikisha kusoma uhandisi kwa njia ya masafa, na mwalimu wake ni Zhang. Kati ya Dunia na Mirihi, ujumbe husafiri kwa dakika zisizopungua tatu na zinazoweza kupita 20, kutegemea sayari ziko wapi. Mwanafunzi anauliza, anakwenda kukamua mbuzi, anarudi kukuta jibu la swali ambalo amekwisha kulisahau. Mwandishi hakuhitaji kubuni kitu hapo, alihitaji kuiheshimu fizikia tu, na fizikia ikamwandikia sehemu ya kuchekesha kuliko zote kitabuni.

Kuhusu sayansi yenyewe, kiini chake ni uhandisi ambao Zhang anausomea na baadaye kuufanyia mazoezi katika kampuni moja mjini Wuxi. Mhandisi huunganishwa na kompyuta na kulifikiria jengo zima kwa wakati mmoja, na mashine hujaza yale ambayo yeye hakuyakamilisha. Zhang anashindwa kwa muda mrefu kwa sababu anajaribu kushika kila pembe na kila bomba kwa nguvu. Anafaulu siku anapolegeza mkono. McHugh anaunganisha jambo hilo na mafundisho ya Tao, ya kutenda bila kulazimisha, na pengine msomaji mkali atasema kwamba ni rahisi mno kwa mwandishi wa Magharibi kuchota hekima ya Mashariki kila anapohitaji ufumbuzi. Nakubali kwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba sehemu hiyo inaeleza kwa usahihi namna fundi yeyote anavyoivuka siku ile ambapo kazi huacha kuwa hesabu na kuwa mkono, muulize seremala.

Sasa lawama. Sura ya San-xiang, ambamo binti huyo baada ya upasuaji anatongozwa kwa mara ya kwanza na kisha kubakwa, imeandikwa vizuri na imewekwa vibaya. Inafika mwishoni, haina muda wa kupumua, na inaacha hisia kwamba mwanamke asiyependeza alipewa uzuri ili tu aadhibiwe kwa kuupata. Najua mwandishi alikusudia kuonyesha jinsi wasichana wengine walivyofunzwa tahadhari ambazo San-xiang hakuwahi kuzihitaji, na wazo hilo ni la kweli, lakini lilistahili nafasi kubwa zaidi. Anayenunua kitabu hiki ajue mapema kwamba kina sura hiyo, na kina habari za kujiua.

Lawama ya pili ni ya uchumi. Hatuelezwi kwa namna inayoridhisha jinsi Uchina ilivyofika juu. Kitabu kilitoka mwanzoni mwa 1992, miezi michache baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, na mwanzoni mwa mwaka huo huo Deng Xiaoping, kiongozi wa Uchina, alikuwa katika ziara yake ya mikoa ya kusini akihimiza masoko na viwanda. Nguvu ya Uchina tunayoiona leo ilitokana na njia hiyo ya Deng, ya chama kimoja kilichokumbatia biashara, na si kwa kueneza mapinduzi. McHugh anaigusa mwishoni, pale Zhang anaporudi New York na kuanza kujitafutia kandarasi mwenyewe, kwa kuwa biashara ndogo zimeanza kuruhusiwa, lakini ni mguso tu. Na Afrika? Hakuna msimulizi wa kutoka kwetu. Mtu aliyepanda treni ya TAZARA, kilomita 1,860 za reli zilizojengwa na Wachina na wenyeji kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ataona pengo hilo hata bila kulitafuta. Riwaya ya Uchina kuitawala dunia bila fundi wa reli wa Kiafrika bado inasubiri mwandishi wake, na sioni kwa nini isiandikwe kwa Kiswahili.

Kuhusu lugha, Kiingereza chake ni chepesi, na mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kukimudu, ingawa maneno ya Kichina yaliyoandikwa kwa herufi za Kirumi hayatafsiriwi kila mara na inabidi kuyabahatisha kutokana na muktadha. Wakati nikisoma nilikuwa nikijaribu kutafsiri kichwani, na niligundua kwamba mazungumzo ya kiofisi yanaingia kwenye Kiswahili kwa urahisi wa kushangaza: ukimpa mjumbe wa kikao neno ndugu mbele ya jina lake, ndugu kwa maana ile ya miaka ya 1970, msomaji wa umri fulani anajua papo hapo anayezungumza ni nani, anataka nini, na kwa nini ni vema kumjibu kwa tahadhari.

Kina kurasa zipatazo 300. Asiye na uhakika asianze na Zhang. Aanze na sura ya Martine, ambayo haimdai ajue chochote cha nyuma, na akifika pale wanapoamua kuoana kwa ajili ya makaratasi bila kutaka kujua mtoto Theresa atalala wapi usiku huo, basi kitabu hiki si chake, na afadhali ampe mwingine.